Mbuni wa Meru na Soko la Dunia

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kunena habari za mti ambao kila mtu wa miteremko ya Mlima Meru aujua, nao ni mbuni. Mwezi wa Februari 2025 bei ya kahawa katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratli moja, bei ambayo haikupata kuonekana tangu zamani. Basi wale walioing'oa mibuni yao wakapanda nyanya na majani ya ng'ombe waliulizana: Je, yatupasa kuipanda tena? Kabla ya kushika jembe, na tuyatazame mambo yaliyopita.

Mwaka 1929 reli itokayo Moshi ilifika Arusha. Tangu hapo gunia la kahawa liliweza kutoka chini ya mlima wetu likafika bandari ya Tanga kwa gari la moshi. Lakini njia ichukuayo mali ndiyo iletayo bei. Mwaka uo huo biashara ya dunia ilianguka. Nchi ya Brazili, iliyovuna kahawa kupita nchi zote, ilijaza maghala hata ikakosa pa kuiweka, na kati ya 1931 na 1944 serikali yake iliteketeza kwa moto magunia zaidi ya milioni 70. Moshi wa kahawa ile haukuonekana Meru, lakini bei yake ndogo ilionekana.

Kwa nini mambo huwa hivi? Mwenye mahindi aweza kugeuza nia mwaka ujao. Mwenye mbuni hawezi. Mche hukaa miaka 3 au 4 kabla ya kuzaa vema. Bei ikipanda, wakulima wa nchi nyingi hupanda miche wakati mmoja, wala hawana habari wao kwa wao. Miche ikizaa, buni hufurika sokoni pamoja, na bei huanguka. Naye mnywaji, hata kahawa ikiwa rahisi, hanywi vikombe kumi badala ya viwili.

Mwaka 1962 mataifa yalipatana kwamba kila nchi ipewe kiasi chake cha kuuza, ili bei isitikisike. Hata hivyo, mwezi wa Julai 1975 jalidi, yaani umande ulioganda, iliua mibuni mingi ya Brazili, na mwaka 1977 bei ikapita dola 3 kwa ratli. Mwezi wa Julai 1989 mapatano yale ya viwango yalivunjika. Nchi ya Vietnam nayo ikapanda mibuni kwa wingi, hata ikawa ya pili duniani. Ilipofika mwaka 2001, ratli moja iliuzwa chini ya senti 50 za Kimarekani. Hapo ndipo mashoka yalipoingia katika mashamba mengi.

Na miaka ijayo je? Wanywaji wazidi kuongezeka, hasa katika nchi za Asia. Tena wapo wataalamu waliokadiria mwaka 2015 kwamba, kwa sababu ya joto kuzidi, ardhi ifaayo kwa kahawa yaweza kupungua karibu nusu ifikapo mwaka 2050. Kwa hiyo kahawa ya milima yenye baridi haitakosa mnunuzi. Lakini bei kubwa ya mwaka 2025 ilitokana pia na ukame wa Brazili na Vietnam. Mvua ikirudi huko, bei yaweza kurudi chini, nasi miche yetu ingali michanga.

Basi shauri letu ni hili. Anayetaka kupanda na apande, lakini asiihesabu bei ya leo kuwa ndiyo bei ya mavuno yake. Mwenye mibuni mikongwe na aikate, ichipuke upya, kwani shina la zamani huzaa mapema kuliko mche. Tena asiing'oe migomba ili kuipa kahawa nafasi, maana mgomba huutia mbuni kivuli, na ndizi huliwa nyumbani hata soko la New York likianguka. Wahenga walituonya: Usiache mbachao kwa msala upitao. Mgomba ndio mbachao wetu. Bei kubwa ni msala upitao.