Njia ya Vitabu: Kutoka Misafara ya Tabora hadi Kitabu cha Elektroniki

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji, hukumbukwa kwa pembe za ndovu na watumwa. Lakini ilipitisha pia maandishi, na katika hayo limo fundisho kwetu tunaoshuhudia biashara ya vitabu ikigeuka.

Mwaka 1871 David Livingstone, akiwa Nyangwe, aliishiwa na karatasi. Akaandika juu ya magazeti makuukuu kwa wino wa matunda ya porini, na humo akasimulia mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai. Baadaye alinakili habari hizo katika daftari kubwa, ambalo Stanley alilichukua kutoka Kwihara, karibu na Tabora, Machi 1872. Kitabu kilichapwa London mwaka 1874, kikiwa kimehaririwa na Horace Waller. Yale magazeti yalififia hata hayakusomeka vema. Wataalamu waliyapiga picha kwa miale ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 wakayaweka katika intaneti bila malipo. Ndipo ilipodhihirika kwamba masimulizi ya kwanza yalitofautiana na yale yaliyochapwa.

Hapo elektroniki imeihudumia kweli. Hata hivyo, tusisahau hongo. Watawala wa njiani waliitoza misafara, na Mirambo alipoifunga njia mwaka huo huo wa 1871, Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Mwenye njia ndiye mwenye kauli.

Leo njia ni nyingine. Amazon ilianza kuuza kifaa cha Kindle mwaka 2007. Maduka ya Borders ya Marekani, yaliyoshindwa na ushindani, yalifungwa mwaka 2011. Tena, mwaka 2009, Amazon ilifuta katika vifaa vya wateja vitabu vya George Orwell walivyokwisha kulipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa, lakini ilionekana wazi kwamba mnunuzi alikuwa amepewa ruhusa ya kusoma, wala si kitabu.

Vitabu vya Kiswahili vilivyotolewa na T.M.P. Book Department, hapo Tabora, havikuwa na hatari hiyo. Kitabu cha karatasi huazimwa, hurithiwa, wala hapana awezaye kukifuta akiwa mbali.

Basi hatuna budi kuvipokea vitabu vipya kwa shukrani, hasa pale nauli na bei zinapomzuia mchungaji wa kijijini. Lakini kabla ya kuziondoa rafu za maktaba zetu, yatupasa kuuliza: njia hii ni ya nani, na hongo yake ni kiasi gani?