Omomenyi Katika Boma Letu

Leo tufikiri pamoja juu ya wema wa mtu asiyetujua.

Watoto wetu wengi wa Kisii na Nyamira wamehamia Marekani, hasa katika jimbo la Minnesota. Hutoka kwenye vilima vyetu vya migomba na chai, wakashuka kwenye theluji wakiwa na nguo nyepesi. Ndipo tunapopata simu: mtu ambaye hawajapata kumwona aliwangoja na koti zito mkononi, akawalaza sebuleni kwake, akawaonyesha basi la kwenda kazini. Nasi wazazi tunamwombea baraka mtu huyo, ambaye huenda tusimwone katika dunia hii.

Lakini sisi tuliobaki nyumbani, tunakumbuka ya kuwa hata hapa tulikuja?

Wazee wetu husimulia kwamba Abagusii walitoka upande wa Mlima Elgon, wakakaa Goye katika Yimbo, karibu na ziwa, kisha katika nyanda za Kano, kisha Kabianga, upande wa Kericho. Huko Kabianga baridi ilikuwa kali. Mimea ilikataa kuzaa na ng'ombe wakafa. Baada ya taabu hiyo ndipo walipoingia katika vilima hivi. Basi sisi ni uzao wa wasafiri wenye njaa.

Wazee hao walikuwa na neno, omomenyi. Ndiye mtu wa ukoo mwingine, au hata wa kabila jingine, aliyekuja kwa wenye nchi akaomba mahali pa kukaa. Walimpa shamba la kulima na uwanja wa kujenga, akaishi chini ya ulinzi wao. Miaka ikapita, na mara nyingine wajukuu wake walihesabiwa pamoja na ukoo uliompokea.

Hata hivyo, tuseme kweli yote. Nchi ilipokuwa pana, ukarimu huo ulikuwa rahisi. Katika siku za ukoloni watu waliongezeka na mashamba yakawa haba. Kufika miaka ya 1940 kesi za ardhi zilikuwa nyingi, na wako abamenyi walioambiwa waondoke, ingawa walikuwa wamelima pale tangu zamani. Wema usio na gharama uliisha siku gharama ilipofika.

Nasi tulionja uchungu huo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba za pande zote mbili zilichomwa mpakani mwa Borabu na Sotik, na jamaa zetu wengi walifukuzwa kutoka Bonde la Ufa. Walirudi na godoro na watoto. Wako waliopokewa kwa machozi ya furaha. Wako pia waliokuta shamba la baba limekwisha kugawanywa, wakawa kama abamenyi kwao wenyewe.

Ndugu zangu, mkumbukeni Ruthu Mmoabi. Aliingia Bethlehemu akiwa mgeni, mjane na maskini. Boazi aliwaagiza vijana wake wasimguse, tena wamwachie masuke kwa makusudi. Kwa nini mtu mkubwa kama huyu alimjali mgeni? Tukisoma Mathayo 1:5 tunaona kwamba mama yake Boazi alikuwa Rahabu, naye pia alikuwa mgeni katika Israeli. Boazi alijua nyumba yake ilitoka wapi. Na kutoka kwa Ruthu akazaliwa Obedi, babu yake Daudi.

Koti lile la Minnesota hatuwezi kumlipa aliyelitoa. Yeye yuko mbali. Lakini tunaweza kulilipa kwa omomenyi aliye karibu: mpangaji wa kabila jingine pale Kisii mjini, mchuma chai aliyetoka mbali, mjane ambaye shemeji zake wanamwambia arudi kwao, mgeni anayeketi benchi la nyuma Jumapili au Sabato na kuondoka bila kuulizwa jina lake. Juma hili, kila mmoja wetu amtafute mmoja, amwite mezani. Na kama kuna shauri la mpaka wa shamba, tuseme neno la haki hata likitupunguzia sisi.

Na tuombe. Ee Bwana, ulitupa mahali pa kukaa tulipokuwa hatuna. Usituache tusahau. Amina.