Picha Jozi na Maniema Isiyopigwa Picha

Mwaka 1838 Charles Wheatstone alieleza jinsi macho mawili, yanayotengana kwa takriban sentimita 6.5, yanavyoiwezesha akili kutambua kina. Picha jozi zilifuata msingi huo: kamera ya lenzi mbili hupiga mandhari moja kutoka nafasi mbili, na mtazamaji huziunganisha kwa stereoskopu.

Ugumu ulikuwa katika kuzipanga kwenye fremu. Bamba la jozi likichapwa bila kukatwa, picha ya jicho la kulia huangukia kushoto. Zisipobadilishwa nafasi, kilicho mbali huonekana karibu. Aidha, kingo za fremu huwa mfano wa dirisha. Matundu yakikosewa nafasi, mtu huonekana amejitokeza mbele ya dirisha, ilhali kingo zimemkata mwili.

James Augustus Grant, mwenzake John Hanning Speke, alipiga picha jozi Zanzibar mwaka 1860. Hata hivyo kamera haikuendelea na safari ya bara. Speke aliirudisha pwani, akieleza kwamba joto la hema dogo la kutayarishia mabamba lingemuua Grant. Tangu hapo Grant alitegemea kuchora.

Maniema ilikuwa mbali zaidi. David Livingstone alikaa Kabambare, aliyoiandika Bambarre, tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, akiugua vidonda vya miguu. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti makuukuu kwa wino wa mimea. Palipokosekana hata karatasi, vioo na kemikali havingetarajiwa. Hivyo mauaji ya sokoni Nyangwe, ya 15 Julai 1871, yaliwafikia wasomaji wa Ulaya kwa maandishi na kwa mchoro, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1874, baada ya kifo chake.

Masimulizi ya mgeni ni jicho moja. Jicho jingine ni Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, yaliyosimuliwa kwa Kiswahili na kuchapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Lakini hilo nalo ni jicho la mfanyabiashara aliyeitawala Kasongo. Wakusu na Wabangubangu, waliobeba gharama ya biashara hiyo, hawaonekani vyema katika lolote kati ya hayo mawili. Mapokeo yao ya mdomo hayana budi kuwekwa bega kwa bega na maandishi. Mwanahistoria anayeyapuuza hufanya kosa la mpangaji wa picha jozi: wenyeji wa mahali huwa mandhari ya mbali, na wapita njia huonekana karibu.