Kofia kutoka New York

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikisoma habari za sinema ya Ulaya wakati wa vita kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Kila nilipofika Hungaria, jina lilikuwa moja: Katalin Karády.

Alizaliwa Budapest mwaka 1910, binti wa fundi viatu, akiitwa Katalin Kanczler. Jina la Karády alipewa ukubwani na mwandishi wa habari, Zoltán Egyed. Baada ya kupanda jukwaani, mwaka 1939 alicheza na Pál Jávor katika filamu ya Halálos tavasz, na jina lake likavuma nchi nzima. Sauti yake ilikuwa nzito, karibu ya kiume, na wanawake waliiga hata mtindo wa nywele zake. Katika muda usiofika miaka kumi alicheza filamu takriban 20.

Katika mojawapo, Machita, aliigiza jasusi. Muda si mrefu baadaye mchezo uligeuka kweli. Wajerumani waliivamia Hungaria Machi 1944, na mwezi uliofuata Gestapo wakamkamata Karády kwa tuhuma za ujasusi. Mchumba wake, István Ujszászy, alikuwa amewahi kuongoza idara ya ujasusi ya jeshi la Hungaria. Walimpiga na kumtesa kwa miezi mitatu hivi.

Mtu aliyetoka humo akiwa hai angestahili kujificha tu. Yeye hakujificha. Oktoba mwaka huohuo chama cha mafashisti cha Msalaba wa Mishale kilishika madaraka, na wanamgambo wake wakawa wanawapiga Wayahudi risasi kando ya mto Danube. Karády alitoa dhahabu na vito vyake kuwakomboa watoto waliokuwa wakisubiri kuuawa, akawatunza nyumbani kwake.

Hapo ndipo tasnifu yangu ilipokwama. Nilikuwa nimejiwekea jedwali la kazi zake: mwaka, filamu, mwongozaji. Usiku ule wa Danube haukuwa na safu ya kuingia. Hakukuwa na kamera.

Vita vilipokwisha, serikali ya kikomunisti haikuwa na nafasi kwa nyota wa zamani. Mwaka 1951 alitoroka nchi. Alifungua duka la kofia São Paulo, na mwaka 1968 akahamia New York. Alipotimiza miaka 70, Budapest ilimwalika kwenye sherehe. Hakwenda. Alituma kofia imwakilishe.

Alirudi mwaka 1990, ndani ya jeneza. Mwaka 2004 Yad Vashem ilimtambua miongoni mwa watu wasio Wayahudi waliookoa maisha ya Wayahudi.

Jedwali langu bado ninalo. Nimeliongezea mstari mmoja, 1944, na mahali pa jina la filamu nimeandika: watoto.