Mkondo, Ukinzani na Nguvu: Historia ya Kanuni ya Ohm na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Jioni, taa zinapofifia na pasi ikachelewa kupata moto, wasemaji wa Kiswahili husema kuwa umeme hauna nguvu. Nyumbani kauli hiyo inatosha. Katika fizikia, hata hivyo, inazua swali: kilichopungua ni volteji, ni mkondo, au ni nishati inayotumika kila sekunde? Neno nguvu hubeba dhana hizo zote, na wapo wanaolitumia kama ushahidi kwamba Kiswahili hakifai kufundishia sayansi. Historia ya kanuni ya Ohm haiungi mkono dai hilo.

Mwaka 1826 Georg Simon Ohm, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule moja ya mji wa Cologne, Ujerumani, alichunguza mkondo uliopita katika nyaya za shaba za urefu mbalimbali. Betri za wakati huo hazikuwa tulivu. Kwa hiyo alitumia bismuthi iliyounganishwa na shaba, kiungio kimoja kikiwa katika maji yanayochemka na kingine katika barafu, kwa kutegemea ugunduzi wa Thomas Seebeck wa mwaka 1821. Alibaini kuwa, chanzo cha umeme kikiwa kilekile, mkondo hupungua kadiri ukinzani wa sakiti nzima unavyoongezeka. Mwaka 1827 alichapisha nadharia yake katika kitabu.

Kitabu hicho hakikupokewa vizuri. Sababu mojawapo ni kwamba baadhi ya wanafizikia wa Ujerumani walizishuku hoja zilizojengwa juu ya hisabati. Aidha, istilahi zenyewe zilikuwa bado hazijatulia. Katika maelezo yake Ohm alitumia neno Kraft, ambalo maana yake ni nguvu, kwa dhana inayokaribiana na ile ambayo leo huitwa potenshali ya umeme. Miaka 20 baadaye, mwaka 1847, Hermann von Helmholtz alitumia neno hilohilo katika andiko lake maarufu kuhusu kuhifadhika kwa kile kinachoitwa sasa nishati. Kijerumani, basi, kilikuwa na tatizo lilelile la neno nguvu.

Utengano wa dhana ulikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1841 James Joule alichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa joto linalotolewa na waya kwa muda fulani hulingana na kipeo cha pili cha mkondo kikizidishwa kwa ukinzani. Mwaka huohuo Royal Society ya London ilimtunuku Ohm medali ya Copley. Mkutano wa kimataifa wa Paris wa mwaka 1881 uliidhinisha omu, volti na ampea. Wati ilipendekezwa na William Siemens mwaka 1882, ikakubaliwa Paris mwaka 1889. Tangu kitabu cha Ohm hadi hapo ilikuwa imepita miaka 62.

Kiswahili kilianza na mtaji wake. Umeme ni mmweko wa radi uliopanuliwa maana. Mkondo ulikuwa wa maji kabla ya kuwa wa umeme. Ukinzani umenyambuliwa kutokana na kitenzi kinza, na nishati imetoholewa kutoka Kiarabu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kani ikatengwa kwa msukumo na mvuto, nishati kwa uwezo wa kufanya kazi.

Faida ya utengano huo huonekana katika hesabu. Pasi inayotumia volti 230 na kupitisha ampea 5 ina ukinzani wa omu 46, kwa kugawanya volteji kwa mkondo. Nguvu yake, yaani nishati inayotumika kila sekunde, ni wati 1,150, kwa kuzidisha volteji kwa mkondo. Volteji ikishuka hadi 115 na ukinzani usibadilike, mkondo utakuwa ampea 2.5, na nguvu itakuwa wati 287.5. Volteji imebaki nusu, lakini nguvu imebaki robo. Anayeziita zote mbili nguvu hawezi kuliona jambo hilo, sembuse kulieleza.

Kwa hiyo upungufu haumo katika muundo wa Kiswahili. Istilahi za Ulaya zilikomaa kwa sababu zilitumiwa maabara, darasani na viwandani, zikakosolewa na kurekebishwa. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili hukutana na mkondo na ukinzani, kisha huviacha aingiapo sekondari, ambako sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Istilahi isiyotumika katika hesabu hubaki kamusini. Anayetaka Kiswahili kithibitishe uwezo wake kabla ya kukabidhiwa fizikia anakidai sharti ambalo Kijerumani cha mwaka 1827 kisingelitimiza.