Palipokuwa na Kivuko

Barabara ya Mombasa kwenda Malindi ina urefu wa kilomita zipatazo 120. Matatu huimaliza kwa saa mbili na ushei. Mimi niliimaliza kwa siku nne, nikiwa na begi la mgongoni na shilingi 6,000 za kulala, kula na kusafiri. Nasoma historia katika shahada ya uzamili, na nilikuwa nimejiwekea kanuni moja: nishuke kila mahali ambapo zamani maji yaliikata barabara. Kushuka-shuka huku kuna gharama yake. Nauli za vipande vipande ukizijumlisha huzidi ile ya moja kwa moja, kwa hiyo niliziba pengo kwa gesti za bei ya chini na viazi karai vya kando ya njia.

Maji yenyewe ni mikono mitatu ya bahari: Nyali, Mtwapa na Kilifi. Leo yote ina madaraja, na abiria huinua simu kupiga picha kwa sekunde chache kabla minazi haijarudi dirishani. Ndiyo sehemu nzuri zaidi ya safari. Miaka arobaini na kitu iliyopita, Kilifi palikuwa mahali pa kupoteza nusu siku.

Tunazoea kudhani kwamba maji yalikuwa kizuizi tangu mwanzo. Magofu yanasema vingine. Jumba la Mtwana, kaskazini kidogo ya Mtwapa, ni mji wa karne ya 14, na msikiti wake unaojulikana zaidi uko ufukweni kabisa, karibu kufikiwa na mawimbi. Wakazi wake walijenga wakiitazama bahari kwa sababu wageni, habari na bidhaa vilitoka huko. Hata Gede, uliojengwa kilomita chache ndani ya msitu, ulikula katika vyombo vya kaure kutoka China. James Kirkman alipoanza kuchimba hapo mwaka 1948, vigae vyake vilikuwa miongoni mwa alivyovikuta. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, alipewa rubani wa kumvusha hadi India. Bahari ndiyo iliyokuwa barabara, na mikono yake ilikuwa milango ya miji.

Mambo yaligeuka lilipokuja gari. Gari lilitaka njia ya nchi kavu, moja kwa moja, na ghafla mlango ukawa shimo. Nyali palifungwa daraja la kuelea katika miaka ya 1930, hadi daraja la sasa lilipokamilika mwaka 1980. Mtwapa na Kilifi watu walivuka kwa feri.

Feri ya Mtwapa ndiyo iliyopata umaarufu. Ilivutwa kwa mnyororo na wanaume walioimba na kupiga hatua kwa pamoja huku baragumu likilia. Wageni waliwapiga picha, nazo zikachapishwa kwenye kadi za posta. Nimeziangalia sana kadi hizo. Anayeitazama haraka huona ngoma. Ukiitazama polepole unaona kwamba juu ya feri kuna gari lenye injini nzima, limezimwa, na wanaolivusha ni watu. Wimbo ulikuwa namna ya kugawana uzito, kama wavuvi wanavyoimba wakivuta jarife. Kadi ilihifadhi furaha ya abiria na majina ya wavutaji haikuyaandika.

Lilipojengwa daraja, Mtwapa haikufa. Imejaa majumba, baa na maduka, na usiku haina usingizi. Kwa hiyo sitadai kwamba madaraja yaliua miji. Yaliua kusimama, na kusimama kulikuwa riziki ya watu fulani.

Kilifi nilimkuta mmoja wao, bibi anayeuza korosho karibu na daraja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea ndoo nikalie. Alianza biashara hiyo akiwa msichana, enzi za feri. "Zamani, mjukuu wangu, gari lilikuwa likinisubiri mimi," aliniambia. "Watu wameshuka, wana njaa, hawana pa kwenda. Siku hizi mimi ndiye ninayelikimbiza gari."

Nilimuuliza kama anatamani siku zile zirudi. Nilitarajia aseme ndiyo, maana tayari nilikuwa na aya kichwani ya kuliweka jibu hilo. Alitikisa kichwa. Dada yake alishikwa na uchungu usiku, wakiwa upande wa Mnarani, na hospitali iko ng'ambo. Feri ilikuwa imelala. Mtoto alizaliwa pale pale mwambao kabla ya alfajiri, wala hakuishi. "Korosho zangu kidogo si kitu," alisema. "Acha daraja likae."

Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991. Ripoti za miradi ya namna hii huhesabu muda uliookolewa na mizigo inayopita. Mwanahistoria anayependa vya kale huhesabu nyimbo zilizopotea. Bibi yule alikuwa na hesabu zote mbili, ya hasara yake na ya faida yake, na hakuzichanganya.

Jioni nilipanda ngazi hadi magofu ya Mnarani, yaliyo juu ya mwamba upande wa kusini. Pale kuna msikiti mkuu wenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye mawe, na kaburi la mnara lililopapa mahali jina. Ukisimama hapo unaona kila kitu kwa mpangilio wake: bahari iliyowaleta waliojenga msikiti, maji yaliyovukwa kwa feri, na juu yake daraja ambalo lori lilikuwa likilipita bila kupunguza mwendo.

Kesho yake asubuhi nilivuka daraja hilo kwa miguu, bure. Upande wa pili niliuliza njia ya kuteremkia majini. Mwendesha bodaboda, kijana aliyezaliwa baada ya 1991 kwa kumtazama, alinielekeza bila kufikiri: shuka hapa, ufuate njia hadi Old Ferry. Nilimuuliza feri yenyewe ilikuwaje. Akacheka, akasema yeye anajua jina tu.