Tartuffe na Nyumba ya Orgon

Tarehe 12 Mei 1664, huko Versailles nchini Ufaransa, Molière na waigizaji wake walionesha mbele ya Mfalme Louis wa 14 mchezo wa kuchekesha uitwao Tartuffe. Tartuffe ni mtu ajifanyaye mcha Mungu, akakaribishwa nyumbani kwa tajiri Orgon. Akiwa amepofushwa na sala za mgeni wake, Orgon anamwahidi binti yake Mariane, anamfukuza mwanawe Damis aliyesema kweli, kisha anamwandikia mgeni mali yake. Ndipo mkewe Elmire anapolazimika kumficha mumewe chini ya meza, ili asikie mwenyewe jinsi “mtakatifu” huyo anavyomtongoza.

Watu wa dini walikasirika, na mfalme akaupiga marufuku mchezo. Ulipooneshwa tena mwaka 1667, Askofu Mkuu wa Paris, Hardouin de Péréfixe, aliwakataza waamini hata kuusoma au kuusikiliza, kwa adhabu ya kutengwa na Kanisa. Ruhusa kamili ilitolewa mwezi Februari 1669.

Sisi mapadre tukiri kwamba katazo lile halikumponya mnafiki hata mmoja. Lakini tusimlaumu Tartuffe peke yake, kwani alifunguliwa mlango. Orgon alimsadiki mgeni kwa magoti yake, akakataa kumsadiki mwanawe aliyemlea. Je, sisi nyumbani mwetu twamsikiliza nani? Mke akilazimika kutumia hila ili asadikiwe na mumewe, nyumba hiyo imekwisha kuingia ufa.

Tuombe neema ya kusikia mapema.